Bonde la Kilombero halijakaa bure: uzi kwa wanaodhani mafuriko ni hasara tupu

Mjukuu wa Mvuvi

Wakuu habari za muda huu. Juzi kuna mtu aliandika humu kwamba Kilombero kuna ardhi kubwa imekaa bure, kila mwaka inajaa maji tu na hakuna la maana linalofanyika pale, watu wakamuunga mkono kibao. Mimi nimezaliwa ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga, babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi maisha yake yote, ikaniuma kwa kweli. Nikaona nisijibizane naye pale, nifungue uzi nieleze kwa kirefu, maana bonde letu ukilitazama Agosti jua linawaka utaona nyasi kavu na vumbi, ukija Machi utaona bahari, na mtu aliyepita mara moja kwa gari anaondoka na picha moja kati ya hizo mbili.

Kwanza lenyewe lilivyo. Ni bonde refu la mkoani Morogoro, kama kilomita 250, upande mmoja milima ya Udzungwa upande wa pili nyanda za juu za Mahenge. Maji yote ya huko juu yanamwagikia humo: Mpanga, Mnyera, Ruhudji (huo huo unaopita Njombe mjini), Kihansi, Mngeta, Ruipa, Lumemo, na vijito kibao ambavyo majina yake wanayajua wenyeji tu. Yanashuka kwa kasi mlimani yakifika chini ardhi iko bapa kama meza, yanakosa pa kukimbilia, basi yanatanuka. Mvua zinaanza kushika Desemba, Machi na Aprili ndo maji yamefika juu kabisa, Juni yanaanza kurudi mtoni taratibu. Mwaka 2002 eneo la karibu kilomita za mraba 8,000 liliingizwa kwenye orodha ya dunia ya ardhioevu, ile ya mkataba wa Ramsar uliosainiwa Iran mwaka 1971. Hapa Tanzania tunayo manne tu kwenye hiyo orodha, Malagarasi-Muyovozi ndo la kwanza, mwaka 2000.

Sasa nianze na samaki maana ndo nilipojifunzia. Nilikuwa darasa la nne, Desemba, mvua kubwa ya kwanza imepiga kutwa nzima. Usiku babu akaniamsha akabeba karabai tukatoka hadi kwenye nyasi ambazo wiki iliyopita tulikuwa tunachezea mpira. Maji yalikuwa yananifika kwenye kifundo cha mguu tu. Nyasi zinatikisika na upepo hakuna. Babu akashusha karabai chini, aisee nikaona migongo, kambale weusi tii, wengine urefu wa mkono wangu mzima, wanajivuta kwa matumbo kwenye maji ambayo hata mgongo hayawafuniki, wawili wawili, wengine wamejikunja dume kamzungushia jike kichwani kama pete. Babu akang'oa unyasi mmoja akanionyesha, umeshikwa na mayai madogo kama punje za ulezi, yananata, ukiyagusa hayatoki. Akachukua kambale wawili wa mboga akasema hao wengine waache wana kazi, tukarudi kulala.

Nimekuja kuelewa baadaye sana ile kazi ni nini. Kambale ana kiungo cha kuvutia hewa juu ya matamvua, ndo maana anaweza kutembea kwenye maji machache hivyo bila kufa. Mvua ikianza anaacha mto anakimbilia kwenye nyasi zilizofurika kutaga, na yale mayai yanaanguliwa haraka mno, siku moja au mbili. Kwanini kwenye nyasi na siyo mtoni? Kwa sababu mtoni kuna mdomo kila kona. Kule mbugani maji ni ya vuguvugu, mapya, na ile mbolea ya ng'ombe na nyati na nyasi zilizooza tangu kiangazi inayeyuka, vinazaliwa vijidudu vidogo vidogo visivyohesabika, kifaranga wa samaki anakula tu. Yale maji yanayoitwa ya bure ndo kitalu chenyewe. Mei Juni yakianza kurudi wale vifaranga wamekuwa, wanafuata mikondo kurudi mtoni, na pale kwenye mikondo ndo babu alikuwa anatega migono yake. Kwa hiyo samaki unayemnunua Ifakara sokoni mwezi wa saba ni mtoto wa mafuriko ya Desemba, na mwaka ambao maji hayakupanda vizuri wavuvi wanajua kabisa kwamba mwaka unaofuata ni wa shida.

Ntaendelea na mimea na wanyama, mwenye swali aweke.

Dereva wa Masafa

Nipo siti ya mbele mkuu. Mi nimepita pale enzi za pantoni kabla ya daraja, tulikuwa tunasubiri kivuko masaa, sikuwahi kujua chochote zaidi ya kuona viboko.

Mjukuu wa Mvuvi

Mkuu wa pantoni umenikumbusha mbali, na hapo hapo ulipokuwa unasubiri kuna kitu ulikuwa unakitazama bila kujua. Yale matete ya ukingoni yalikuwa yamejaa viota vya ndege vimening'inia juu ya maji, ndege mdogo wa njano, dume ana weusi usoni. Watu wanajua ni mnana tu kama minana wengine. Kumbe huyo ni mnana wa Kilombero, haishi popote pengine duniani zaidi ya bonde hili, na wataalamu walikuja kumwandika rasmi mwaka 1990, yaani sisi tuko shule ya msingi tunamrushia mawe kumbe dunia haina habari naye. Kuna wengine wawili wadogo wa kahawia wanaokaa kwenye majani marefu ya kinamasi, walijulikana muda mrefu kwamba ni wa tofauti lakini majina rasmi ya kisayansi wamepewa mwaka 2021. Ndege watatu, bonde moja.

Niliwahi kukaa chini ya matete nikamwangalia dume anavyosuka. Anashika jani la tete kwa mdomo karibu na shina, analikata kidogo tu, halafu anaruka nalo, linachanika lenyewe unyuzi mmoja mrefu hadi mwisho. Anaanza na pete, anasimama ndani yake, anasuka kutokea hapo alipo kwa urefu wa mdomo wake mwenyewe. Jani likishakauka halifai kusukia, lazima liwe bichi. Na tete linalomfaa ni lile lililo juu ya maji, maana nyoka na panya wa nchi kavu wanapata tabu kumfikia. Matete yakichomwa moto ukingoni kupisha bustani za kiangazi, yule ndege hana pa kuhamia.

Sasa mimea. Wakuu kinamasi kina mitaa yake, siyo majani yamejiotea hovyo. Ukitoka nchi kavu unaanza na miombo, halafu nyasi fupi zenye miti mmoja mmoja, mivumo na mikuyu, halafu nyasi ndefu zinazozidi kichwa cha mtu, mabingobingo na matete kwenye kingo za mto, halafu kwenye maji yasiyokauka ndo unakuta mafunjo kama kule Kibasira. Kwenye vidimbwi vilivyotulia mayungiyungi. Na humo kwenye nyasi kuna mpunga pori, mkulima wa kule anaujua vizuri sababu unamsumbua shambani, ila ni ndugu wa mpunga tunaokula na umezoea kuzama na kukauka kwa miaka maelfu.

Funjo nalipenda kuliko yote. Shina moja la pembetatu, halina majani ubavuni, linapanda mita nne hadi tano, juu kichwa kama nywele za binti aliyeamka. Mizizi yake inafungamana inakuwa mkeka mzito, mahali pengine unaelea, unaukanyaga unahisi dunia inabonyea chini ya miguu na mita chache pembeni majani yanatikisika. Maji ya mlimani yanaingia pale yamebeba udongo na mbolea za mashamba, yanapunguzwa kasi, udongo unatua, mizizi inafyonza naitrojeni na fosfeti, yanatokea upande wa pili meupe. Chini ya ule mkeka tope ni jeusi na ukilichokonoa linanuka yai viza. Hiyo harufu ni kwa sababu hewa haifiki, na hewa isipofika majani yaliyokufa hayaozi yakaisha, yanalundikana mwaka juu ya mwaka. Ukikausha kinamasi kwa mifereji lile tope linapata hewa, linaanza kuungua pole pole na hewa ukaa iliyofichwa humo inatoka.

Mlimba Kwetu

Umemsahau sheshe mkuu, ndo fahari yetu huku.

Mjukuu wa Mvuvi

Sijamsahau ndugu yangu, nilikuwa namwekea nafasi yake.

Sheshe kwa ambao hamumjui ni swala, wataalamu wanamwita puku. Watu wanamchanganya na swala pala lakini sheshe ni mzito zaidi, manyoya ya dhahabu iliyokolea, hana ile michoro meusi ya matakoni, dume tu ndo ana pembe, nene zenye pingili. Anapatikana pia Zambia na kule Rukwa na Katavi, lakini bonde hili liliingia Ramsar ikielezwa kwamba karibu robo tatu ya puku wote duniani wako hapa. Nilipokuwa mdogo ukipanda kichuguu asubuhi unaona wametapakaa hadi macho yanachoka. Sasa hivi mtu anaweza kuzaliwa na kukua upande wa Malinyi asimwone hata mmoja. Wamepungua mno mno.

Na watu wanafikiri ni ujangili peke yake. Ujangili upo, lakini mwangalie sheshe anavyoishi. Anakula nyasi changa za mbugani, maji yakishuka anayafuata chini, anakula zile zinazochipua nyuma ya maji. Maji yakipanda hawezi kuishi ndani yake, anarudi nyuma hadi ule ukanda mwembamba ulioko kati ya maji na miombo, anasubiri pale miezi mitatu minne. Sasa ule ukanda ndo wa kwanza kulimwa, maana ndo wenye rutuba na haufuriki sana, na ndo wanakojenga watu, na ndo ng'ombe wanakosimama masika. Kwa hiyo ukiangalia ramani kiangazi utasema mbona katikati bado pako wazi, wanyama si wana nafasi. Wana nafasi kiangazi. Masika maji yanawasukuma kutoka mbele na mashamba yamewafungia nyuma. Ndugu zangu hilo ndo jambo kubwa nililotaka kulisema kwenye huu uzi, kinamasi huwa kinakufa kuanzia pembeni, katikati panabaki kijani panadanganya watu.

Tembo hivyo hivyo, walikuwa wanavuka bonde kutoka Udzungwa kwenda Selous kupitia Ruipa na Nyanganje, mashamba ya miwa na mpunga na makazi yakaziba zile njia.

Mkulima Halisi

Mkuu unaandika vizuri ila tuambiane ukweli, mpunga ndo umenisomeshea watoto. Nyie mnaokaa mjini mkishashiba mchele wa Kilombero mnakuja kutuambia tupishe swala. Tule nini?

Mjukuu wa Mvuvi

Swali la haki kabisa mkuu na nalijibu kwa heshima. Mimi mwenyewe ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye magunia ya mpunga, mama yangu alikuwa analala kwenye dungu miezi miwili anaamia ndege, mikono imepasuka kwa kutupa kombeo. Siwezi kusimama hapa niuite mpunga adui.

Lakini angalia mpunga wa wazee ulivyokuwa. Wandamba walikaa na maji yale vizazi na vizazi. Walipanda mbegu ndefu inayonyanyuka kadiri maji yanavyopanda, maji yakija na udongo wake ndo mbolea, hawakununua mfuko hata mmoja. Shamba lilikuwa ndani ya mafuriko siyo badala ya mafuriko. Kilichobadilika ni trekta kufungua mamia ya ekari kwa wakati mmoja hadi mdomoni mwa mto, mifereji na matuta ya kuyakataa maji, na kilimo cha kiangazi kwenye zile sehemu chache zinazobaki na unyevu, ambazo ndo samaki na ndege wote wamejibana humo wakisubiri mvua. Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji usifanye shughuli ya kudumu. Nenda kwenye vijito vya kwetu uhesabu hatua kutoka mahindi hadi maji, kuna sehemu nilipata nne.

Na sisemi mtu aondolewe. Mwaka 2012 mifugo mingi iliondolewa kwa operesheni, watu waliumia, na 2023 sehemu kubwa ya lile pori tengefu la bondeni ikapandishwa kuwa pori la akiba. Mimi ninachokiomba kipo chini ya hapo: kijiji kikikaa kupanga matumizi ya ardhi, ule ukanda wa pembeni na mikondo ya samaki vichorwe kwenye ramani kama barabara inavyochorwa. Hakuna mtu analima katikati ya barabara akalalamika kwamba amenyimwa ardhi.

Bint Rufiji

Naongezea kidogo kutokea chini huku. Sisi tuna kilimo kinaitwa mlau, mto ukishafurika ukarudi unapanda mahindi na kunde kwenye tope lililobaki, hayanyeshewi hata tone yanakomaa kwa ule unyevu. Bibi yangu alikuwa anasema maji hayo yametoka kwa Wandamba. Nilikuwa nadhani ni hadithi tu.

Mjukuu wa Mvuvi

Siyo hadithi dada yangu, bibi alikuwa sahihi kabisa. Maji ya Rufiji zaidi ya nusu yanatoka Kilombero, inatajwa asilimia 62. Na bonde linafanya kazi ya sifongo, linapokea masika linaachia taratibu hadi kiangazi. Hata bwawa la Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115 linasubiri maji yaliyopita kwanza kwenye matete na mafunjo yetu.

Anayetaka kuona sifongo ikikauka inakuwaje akaangalie Ihefu kule Usangu. Pale kuna mwamba sehemu inaitwa Ng'iriama ndo mlango wa kinamasi, maji yakiwa juu ya ule mwamba Ruaha Mkuu unatiririka, yakishuka chini yake mto unakatika. Zamani ulikuwa haukatiki. Tangu 1993 ukawa unakauka kila kiangazi, viboko wanabaki wamerundikana kwenye vidimbwi vya tope ndani ya hifadhi ya Ruaha, na chini yake kuna mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, tunakumbuka mgao wa umeme wa miaka ile. Mwaka 2008 Ihefu ikaunganishwa na hifadhi. Maji yaliyochepushwa huko juu kwenye mashamba yalikuwa yanaonekana machache, ila yalitosha kuyashusha chini ya ule mwamba.

Msomaji Kimya

Vipi mbu? Ifakara ndo mji wa malaria, huoni vinamasi vikikauka watu wanapona?

Mjukuu wa Mvuvi

Nimezika mdogo wangu kwa malaria kwa hiyo hili siliongelei kwa mbali. Mbu anayeitwa funestus, ambaye kwetu anaambukiza sana, anapenda maji ya kudumu yenye majani pembeni, siwezi kukwambia kinamasi hakina mbu. Lakini yule mwenzake arabiensis anapenda maji madogo yenye jua: majaruba ya mpunga mchanga, nyayo za ng'ombe, mashimo ya matofali. Kwenye kinamasi kizima kuna perege wadogo, kuna watoto wa kerengende wanaokula viluwiluwi vya mbu, kuna vyura. Kwenye unyayo wa ng'ombe hakuna mlinzi. Ukikikausha kinamasi ukaweka jaruba hujamwondoa mbu, umembadilishia nyumba. Utafiti wa malaria Ifakara una miongo mingi na bado jibu lao la kwanza ni chandarua na kutibu mapema.

Mlimba Kwetu

Malizia na chura wa Kihansi mkuu, maana watu walimgeuza mfano wa dharau.

Mjukuu wa Mvuvi

Sawa. Kihansi ni mto wetu, unadondoka kutoka Udzungwa kuja bondeni. Pale chini ya maporomoko kulikuwa na kieneo kidogo sana, hekta chache tu, ambacho kinaloweshwa usiku na mchana na vumbi la maji. Mwaka 1996 wakamkuta humo chura wa rangi ya manjano, mdogo anakaa kwenye ukucha wa dole gumba, hatagi mayai, anazaa vyura wadogo kamili. Haishi popote pengine. Mwaka 2000 maji yakawa yamegeuzwa kwenda kwenye mitambo ya umeme, megawati 180, lile vumbi likakatika, nyasi za maji zikanyauka zikaingia za nchi kavu. Wakachukuliwa karibu 500 wakapelekwa Marekani kwenye bustani za wanyama, huku wakafungwa mabomba ya kunyunyiza ukungu. Waliobaki porini wakaingiwa na ugonjwa wa kuvu wa ngozi wakaisha, 2009 dunia ikatangaza kwamba porini hayupo tena. 2012 wakaanza kurudishwa nyumbani.

Watu walisema umeme na chura kipi bora. Mimi nilichokiona ni kwamba hekta chache za unyevu zilibeba kiumbe kizima peke yake, na kumrudisha imechukua miaka na mabomba na maabara ng'ambo ya bahari, bado maji yenyewe yanapaswa kunyunyizwa kwa mpira.

Dereva wa Masafa

Mkuu nina safari ya Malinyi mwezi wa sita, nikitaka kuona haya kwa macho nianzie wapi?

Mjukuu wa Mvuvi

Juni umelenga haswa, maji yanarudi. Fika Ifakara ulale, alfajiri nenda darajani kabla malori hayajaanza, shuka pembeni utafute mwenye mtumbwi, muombe akuvushe hadi kwenye matete ya kingo ya pili. Usimame umbali, viboko bado wanarudi majini saa hizo. Utasikia minana kabla hujawaona. Halafu muulize mwenye mtumbwi akuonyeshe mkondo mmoja unaotoka mbugani, tazama pale maji yanapoingia mtoni, ukibahatika utawaona vifaranga wa kambale wanarudi mtoni. Piga picha utuwekee hapa.